Waya Uliozunguka Kibanja cha Verdiana

Bweranyange, Jumapili, 1 Machi 1987

Mvua ya kwanza ya masika imetukuta kanisani. Ilipiga bati kwa nguvu hata mchungaji akakatiza mahubiri, tukabaki kuimba. Njiani kurudi nyumbani, mke wangu Costansia alisema kwamba mwalimu wa fizikia aliyestaafu akikosa wa kumfundisha ataanza kuwafundisha kuku. Nimeona kuna ukweli. Basi msimu huu nitaliandikia daftari hili, kuku wapumzike.

La kuandika lipo. Wiki iliyopita zahanati yetu ililetewa friji ya chanjo kutoka Kayanga, mji wa wilaya. Si yetu bado. Bwana Afya wa wilaya, kijana mmoja aitwaye Elpidius, alimwambia muuguzi wetu Deodatha mbele ya watu wote: "Nitarudi mwisho wa Mei. Nikikuta kipimajoto kimekaa chini ya nyuzi nane wiki nzima, friji itabaki hapa. Kikizidi, naipeleka kwa wengine."

Friji hiyo haina mashine ya kunguruma. Hupoza kwa kupashwa moto, jambo ambalo nimewaeleza watu mara nyingi na bado wanacheka. Moto huo waweza kuwa wa utambi wa mafuta ya taa au wa umeme. Mafuta ya taa siku hizi ni kama maziwa ya kuku. Umeme tunao: fundi wetu Telesfori, aliyevuka kutoka Rwanda akiwa mgongoni mwa mama yake, ametengeneza gurudumu la maji kwa mabati ya mapipa, nalo linazungusha jenereta ndogo tuliyopewa na kanisa. Mtambo uko kijitoni, bondeni. Zahanati iko mlimani. Katikati pana waya, nao ni mchango wa kila kaya: waya mnene wa chuma uliokuwa uzio wa ng'ombe.

Deodatha hasemi mengi kuhusu friji. Mwaka jana surua ilipopita, aliwafunga vitenge vya kuzikiwa watoto aliokuwa akiwajua kwa majina. Mama mwenye mtoto mgongoni akitaka chanjo huenda kuifuata Kayanga kwa miguu, na masika wengi hawaendi.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Nimepalilia maharage. Goti linalalamika.

Jumatatu, 9 Machi

Tumewasha. Jioni, kabla giza halijakaa sawasawa, Telesfori alifungua maji kule bondeni, na watu karibu wote walikuwa wamejaa uwanjani pa zahanati. Taa ya chumba cha kujifungulia ikawaka. Niseme kweli: ikawaka nyekundu kama jicho la mtu aliyelewa rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Mwenyekiti wetu Mutalemwa aliitazama, akanigeukia. "Mwalimu, huu ni umeme au kaa la moto?"

"Ni umeme, Mwenyekiti."

"Basi una usingizi. Mwambie kumekucha."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Deodatha hakucheka. Alikuwa amefungua mlango wa friji na kutia mkono ndani, kama mtu anayepima uji wa mtoto.

Alhamisi, 12 Machi

Kipimajoto: nyuzi kumi na tatu. Mvua mchana kutwa.

Jumapili, 15 Machi

Leo, baada ya ibada, nimeshuka na mita yangu ya kupimia umeme, ile niliyopewa na wanafunzi wa mwisho nilipostaafu. Nitaandika polepole, kwa kuwa ninapenda jambo hili na kwa kuwa hakuna wa kunikatiza.

Volti ni msukumo. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Ukinzani ni ugumu wa njia, nao hupimwa kwa omu. Gawa volti kwa ampea, unapata omu. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati, yaani kazi ambayo umeme unaifanya. Ni hayo tu. Nimewafundisha watoto hayo miaka mingi ubaoni kwa chaki, na leo ndiyo mara ya kwanza nayahitaji kwa ajili ya jirani.

Bondeni, kwenye jenereta: volti 220. Telesfori ni hodari, maji ameyapima kwa lango la mbao na hayayumbi. Zahanatini, taa zote na friji vikiwa vimewashwa: volti 161. Ampea zinazopita: 1.47.

Kwa hiyo volti 59 zimepotelea njiani. Hamsini na tisa kwa 1.47 ni omu 40. Hiyo ndiyo njia yetu, omu arobaini za chuma. Na 59 mara 1.47 ni wati 87. Wati hizo hatukuzitupa mtoni wala hatukuibiwa. Tunawapashia ndege miguu.

Friji yenyewe ina ukinzani wa omu 220. Ingepata volti 220 ingevuta ampea moja kamili na kufanya kazi ya wati 220. Kwa volti 161 inapata ampea 0.73, na ukizidisha unapata wati 118. Zaidi kidogo ya nusu ya mlo wake. Mtu anayepewa nusu sahani halimi shamba zima.

Telesfori alinisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma. "Mwalimu, kwa hiyo mtambo wangu ni mzima?"

"Mzima kabisa."

"Basi hayo mengine yote umeyasema vizuri sana," akasema, akaenda kula.

Jumamosi, 21 Machi

Nilinyoosha mita mia moja za waya uliobaki, bila kiungo hata kimoja, katika uwanja wa kanisa. Omu 1.3. Njia yetu kutoka bondeni hadi zahanati ni kilomita moja. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya ni kilomita mbili. Hesabu inatoa omu 26.

Mita ilisema 40. Omu kumi na nne zimejificha mahali.

Tulizifuata. Telesfori alipanda nguzo ya kwanza yenye kiungo, akakata, akakitupa chini miguuni pangu. Nilikifungua kwa koleo. Ndani palikuwa na kamba ya mgomba, imeloa, na chuma kimeshika kutu pande zote.

Nikaelewa. Tulipovuta waya mwezi wa Januari, kila mwenye kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, alikuja na kipande chake, na pale mpakani kwake na kwa jirani wakafunga wenyewe wawili, kila mmoja akishika upande wake, kama tunavyofanya tunapopanda omuramura, mti wetu wa mpaka. Bila wawili hao, mpaka si mpaka. Na kwa kuwa tunajua kufunga, walifunga kama tunavyofunga paa na mizigo ya ndizi: kwanza kamba ya mgomba, ili fundo lisiteleze, kisha waya juu yake. Fundo zuri, haling'oki hata kwa ng'ombe. Lakini umeme hauulizi kama fundo limekaza, unauliza kama chuma kimegusa chuma. Na masika ndiyo hiyo, kamba inakunywa maji na kutu inanenepa.

Telesfori alikitazama kile kiungo kwa heshima. "Umeme wetu umefungiwa kama mzigo wa ndizi."

"Ndizi zingefika salama," nikasema.

Jumatatu, 30 Machi

Viungo, viungo, viungo. Tungemaliza mapema kama si ile desturi. Hakuna aliyekubali kiungo chake kifunguliwe bila yeye na jirani yake kuwapo. Tumengoja waliokwenda mnadani, tumengoja waliogombana wakapatana kwanza. Ndugu wawili ambao hawajasalimiana tangu urithi wa baba yao wameshika waya mmoja mmoja kila upande wakati Telesfori anasugua chuma kwa msasa. Hawakusemezana. Lakini walishika.

Mvua kila siku, alasiri.

Jumapili, 5 Aprili

Viungo vimekwisha, chuma kwa chuma, vimepakwa lami. Nimepima. Volti zahanatini: 178. Ampea: 1.62. Zilizopotea ni 42, na 42 kwa 1.62 ni omu 26, sawasawa na hesabu ya uwanjani. Niliruka kidogo. Goti limenikumbusha umri.

Taa sasa ni ya manjano. Mutalemwa amekiri: "Ameamka, ila hajanawa uso."

Friji: wati 144. Kipimajoto: nyuzi kumi na moja. Haitoshi.

Jumatano, 8 Aprili

Leo nimejifunza jambo, na aliyenifundisha ni Deodatha.

Nilimshauri azime taa zote. Nilimweleza: taa zikizimwa, ampea zinazopita kwenye waya zinapungua, zikipungua, volti zinazopotea njiani zinapungua pia, friji itapata volti 197 na wati 176. Alizima. Kipimajoto kikashuka hadi nane. Nikaanza kujipongeza.

Jioni, kwenye magharibi, akaletwa mama mwenye uchungu, mtoto amekaa vibaya. Deodatha aliwasha taa ya chumbani, bila shaka. Nilikuwa nimesimama barazani na mita yangu, nikaona volti zinaanguka. Aliporudi nje, mtoto amekwishalia, alinawa mikono mbele yangu.

"Shikamoo, Mwalimu. Sikukusalimu ulipofika."

"Marahaba, mwanangu. Hongera."

"Mwalimu, niambie wewe unayejua hesabu. Nikiwasha taa, naharibu chanjo. Nikizima taa, nazalisha kwa kupapasa. Nichague mtoto yupi? Huyu anayezaliwa, au yule atakayekuja kuchomwa sindano?"

Nimerudi nyumbani polepole. Hesabu inayomwambia mtu achague kati ya watoto haijakwisha.

Jumapili, 12 Aprili (ya Matawi)

Nimechora njia yote ya waya. Nilipoiweka mezani, Costansia aliitazama juu ya bega langu. "Mbona imejikunja kama mtu anayekwepa mbwa?"

Ni kweli. Kutoka bondeni waya unapanda vizuri, halafu unafika kwenye kibanja cha Mama Verdiana, unakata kushoto, unazunguka mpaka wake wote, unatokea upande wa pili na kuendelea. Ungepita katikati, njia ingekuwa mita mia nne na sitini tu badala ya kilomita. Mia nne na sitini, kwenda na kurudi, ni omu 12.

Verdiana ni mjane, mkubwa kwangu kwa umri, na mkali. Ndani ya kibanja chake, kati ya migomba, ndipo walipozikwa watu wake, kama ilivyo kwetu sote. Mwezi wa Januari tulikaa kikao, wazee wote, tukasema: waya juu ya makaburi ya mtu ni utovu wa adabu, na Verdiana ndiye wa mwisho utakayemwomba jambo kama hilo. Tukazunguka. Nilikuwapo kwenye kikao. Tuliona tumefanya uungwana.

Jumanne, 14 Aprili

Mutalemwa hakunisubiri. Amekwenda kwa Verdiana peke yake na maneno ya maendeleo, na kwamba serikali ya kijiji ina uwezo. Amerudi na matope hadi magotini.

"Amesemaje?"

"Amesema nipite njia niliyoizoea, ya kuzunguka."

"Na wewe?"

"Nikapita. Ananiachilia bata, Mwalimu! Bata dume! Mimi mwenyekiti!"

Ijumaa, 17 Aprili

Ijumaa Kuu. Kipimajoto kumi na moja. Imekuja habari ya mtoto mwenye surua kijiji cha ng'ambo ya bonde.

Jumatatu, 20 Aprili

Leo, Jumatatu ya Pasaka, nimekwenda kwa Verdiana. Nataka niandike yote kabla sijasahau neno.

Sikwenda kuomba. Nilimwambia Costansia: nakwenda kumsalimu, na kama atapenda, nitamweleza umeme ni nini, maana nadhani ni yeye peke yake kijijini ambaye sijamchosha nao. Niliingia kwa mbele, uwanjani, si kwa njia ya shambani. Bata dume alinitazama akaniacha.

"Hodi hapa. Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwalimu Rwegoshora! Leo umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja Pasaka."

"Pasaka imekuja na Mwalimu, basi mwaka huu tutaona mengi. Kaa hapo."

Alileta kibuyu cha rubisi na mrija, kisha akaenda akaleta na wa kwake. Tukanywa kidogo tukiitazama mvua ikitoka ng'ambo. Ndipo aliponiuliza mwenyewe. "Huo umeme wenu. Nasikia haufiki."

"Unafika, lakini umechoka."

"Unachokaje kitu kisicho na miguu?"

Nikaushika mrija. "Mama, mrija huu ukiwa mfupi, unavuta kidogo tu, rubisi inakuja. Ukiwa mrefu kutoka hapa hadi mlangoni?"

"Mashavu yataniuma na kinywani litafika tone."

"Ndivyo ilivyo. Rubisi ni ileile, mashavu ni yaleyale, ila mrija umekuwa mrefu. Sisi tunaita ukinzani."

Alivuta, akafikiri. "Na kwa nini mlitengeneza mrija mrefu?"

Hapo ndipo nilipofika mahali nisipopataka. "Tulizunguka kibanja chako, Mama. Kwa heshima. Kwa ajili ya makaburi."

Aliweka kibuyu chini.

"Nani aliniuliza?"

Nikautazama mrija.

"Nakuuliza, Mwalimu. Kila mtu wa kijiji hiki alikuja kushika kipande chake cha waya na jirani yake. Nilikuwa na waya wangu, nimeukunja, umewekwa pale ukutani, uone. Nilikaa hapa mlangoni nikasubiri kuitwa. Nikawaona mnapita na majembe na nguzo, mnainamisha vichwa, mnanizunguka, mnazunguka tena. Hakuna aliyebisha hodi. Mlinizunguka kama mtu anavyozunguka kaburi. Mimi bado napika, Mwalimu. Bado nalima. Halafu anakuja yule wenu wa maendeleo, ananitolea serikali kabla ya salamu!"

Nilitazama ukutani. Waya ulikuwapo, mviringo mzuri, umepakwa mafuta ya samli usishike kutu.

"Mama," nikasema, "tulidhani utakataa."

"Ningekataa au ningekubali, hilo lilikuwa langu. Mlinikatalia hata kukataa."

Nilimwambia samahani, kwa niaba yangu na ya kikao, kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, kama mtoto anavyomwomba mama yake. Aliniacha nimalize. Kisha akainuka, akachukua fimbo yake, akaniambia nimfuate.

Migomba ilikuwa inadondosha maji. Mumewe yupo pale, na wakwe zake, na mwishoni mwa mstari pana tuta dogo lenye mawe meupe.

"Huyu ni mtoto wa mjukuu wangu Kemilembe. Surua ya mwaka jana."

"Namkumbuka."

"Mume wangu alipenda watoto wakilia karibu. Alisema nyumba isiyo na kelele ya mtoto ni ghala." Alipiga fimbo ardhini, penye kaburi la mumewe, taratibu. "Pitisheni waya hapa. Juu yao kabisa, usipinde hata kidogo. Uende moja kwa moja kwenye hiyo friji yenu. Lakini nguzo zichimbwe mimi nikiwapo, na jirani wa kila upande awepo, na penye kila nguzo tupande omuramura. Na Mutalemwa aje kusalimu. Kwa mbele."

"Na bata?"

"Bata nitamfunga," akasema. "Nikipenda."

Jumamosi, 25 Aprili

Kijiji kizima. Sijui niandike nini kwanza. Mutalemwa aliingia kwa mbele, akavua kofia, akasema shikamoo mara mbili kwa kuwa ya kwanza Verdiana alijifanya hakuisikia. Nguzo za mikaratusi zilibebwa mabegani, zikipita kati ya migomba bila kuvunja jani. Verdiana alitangulia na fimbo: hapa, si hapo, hapo pana mtu. Telesfori alichimba alipoelekezwa. Majirani wa pande zote walisimama, na miche ya omuramura ikapandwa miguuni pa nguzo.

Waya wa kwanza uliofungwa ulikuwa ule wa ukutani kwa Verdiana. Alishika upande mmoja mwenyewe. Telesfori alipoleta msasa, Verdiana alimwuliza, "Bila kamba ya mgomba?"

"Bila, Bibi."

"Nilijua," akasema. "Niliona zile zenu Januari. Nikasema moyoni, hawa wanafunga mbuzi."

Jumatano, 29 Aprili

Omu 12. Volti zahanatini 198, taa zote zimewaka. Friji inapata wati 178: kile ilichokuwa ikipata gizani, sasa inakipata mwangani. Deodatha hachagui tena. Kipimajoto: nane.

Nane ni mpakani, na Elpidius anataka chini ya nane. Lakini nimelala vizuri.

Ijumaa, 1 Mei

Nimeamka nikicheka. Costansia alidhani naumwa.

Tulipokata njia fupi, waya wote wa mzunguko ulibaki, umekunjwa nyuma ya zahanati. Ni zaidi ya kilomita moja ukiunganisha wa kwenda na wa kurudi. Njia mpya inahitaji mita mia tisa na ishirini tu. Kwa hiyo tunao wa kutosha kuvuta waya wa pili sambamba na wa kwanza, mwanzo hadi mwisho! Mirija miwili katika kibuyu kimoja, na ukinzani unakuwa nusu. Ule urefu uliokuwa adui umegeuka kuwa upana.

Nilikwenda kumweleza Telesfori nikiwa bado na kandambili.

"Mwalimu," akasema, "umetoka nyumbani bila kofia na mvua hii."

"Omu sita, Telesfori!"

"Ngoja nichukue koleo."

Jumamosi, 9 Mei

Waya wa pili umefika. Nilimwita Mutalemwa asome mita mwenyewe, ili asiseme nimeipendelea. Alisogeza uso karibu kama anasoma Zaburi.

"Mia mbili na nane. Na kidogo."

"Na kule bondeni?"

"Mia mbili na ishirini." Akahesabu kwa vidole, akakata tamaa. "Zimepotea ngapi?"

"Kumi na moja na kitu. Machi zilikuwa hamsini na tisa."

Alitazama taa. Ilikuwa nyeupe, huwezi kuikazia macho. "Huyu sasa amenawa," akasema, "na kupaka mafuta."

Friji: wati 198. Nilikwenda kumwambia Verdiana, kama nilivyoahidi.

"Ukinzani umebaki kiasi gani?"

"Omu sita, Mama."

"Hizo tuachie. Kijiji kisicho na ukaidi hata kidogo watu wake ni wagonjwa."

Jumatano, 13 Mei

Kipimajoto: sita.

Ijumaa, 22 Mei

Dhoruba. Mgomba wenye mkungu umeanguka juu ya laini ndani ya kibanja cha Verdiana na kukata waya mmoja. Nilikimbia zahanati, ikiwa kile ninachokifanya siku hizi kinaitwa kukimbia. Taa ilikuwa inawaka! Waya mwenzake alibeba mzigo wote, akachoka kidogo, hakuanguka. Verdiana alikuwa ameshatuma mtu kwa Telesfori kufunga maji kabla sijauliza, na alimzuia kila mtu asisogee. Mkungu wa ndizi aliupeleka kwa Deodatha. Jioni tumeunga, chuma kwa chuma. Nyuzi sita na nusu.

Jumamosi, 30 Mei

Elpidius alikuja asubuhi, gari lake likipiga kelele kwenye matope. Alikuwa amekuja na vijana wawili wa kubeba friji, na kamba ya kuifungia. Nadhani hakutudharau, alikuwa amezoea tu.

Deodatha alifungua mlango wa friji. Elpidius alitoa kipimajoto, akakitazama, akatoa cha kwake mfukoni, akakiweka ndani, tukangoja sote. Alikitoa.

"Sita."

"Wiki mbili sasa," Deodatha akasema. "Na taa hazikuzimwa. Nimezalisha chini yake."

Elpidius alizunguka zahanati, akafuata waya kwa macho ukiteremka, akauona unavyoingia kati ya migomba bila kupinda. "Kwingine nilikopita wanazunguka vibanja," akasema. "Hapa mliwezaje?"

Mutalemwa alijinyoosha ili ajibu, akamwona Verdiana kwenye benchi, akajikunja tena. "Tulibisha hodi," akasema.

Wale vijana waliingia garini wakatoka na sanduku la barafu badala ya kamba. Chanjo. Deodatha alizipanga ndani ya friji moja moja. Kisha akafunga mlango, akasimama ameuegemea, akacheka kwa sauti kama msichana. Wanawake barazani wakapiga vigelegele hata yule bata, kule kibanjani, akajibu.

Jumatano, 3 Juni

Mvua imekwisha. Anga ni safi, buni zimeanza kuwa nyekundu.

Siku ya kwanza ya chanjo. Foleni ilitoka barazani ikafika barabarani, akina mama ambao leo hawakwenda Kayanga. Wa kwanza alikuwa Kemilembe, na mtoto wake mpya. Hakuna aliyepanga hivyo. Watu walimpisha tu, mmoja baada ya mwingine, hadi akajikuta mbele. Verdiana alimshika mtoto magotini pake.

Ile miche ya omuramura imeshika yote. Nimeipitia asubuhi, kila nguzo na majani yake mawili matatu, na waya juu unapita kimya juu ya wale waliolala, ukienda kazini.

Sindano iliingia. Mtoto alivuta pumzi, kisha akalia kilio ambacho nina hakika kilisikika hadi kijitoni kwa Telesfori. Deodatha alisema pole. Kemilembe alikuwa anacheka na kulia. Verdiana hakumbembeleza mtoto. Alimwacha alie apendavyo, akageuza uso wake upande wa migomba yake, alikolala mumewe, akauliza kwa sauti, kama mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili:

"Umesikia?"